Remain in Light: albamu ya rock iliyojengwa kuanzia kwenye mdundo

Prodyuza wengi wa Dar es Salaam wanatengeneza nyimbo kwa utaratibu uleule. Unaanza na mdundo. Unaweka besi, unaweka kinanda, unarudia kipande kilekile mpaka kikolee, halafu unazima hiki na kuwasha kile ili upate ubeti na kiitikio. Msanii anakuja mwisho na maneno yake. Mwaka 1980 utaratibu huo ulikuwa mgeni kwa bendi nyingi za rock. Mimi ni fundi mitambo, na nikitaka kumwonyesha kijana njia hii inaweza kufika wapi ikiwa mikononi mwa watu wanaopiga ala kwelikweli, namwekea albamu moja: Remain in Light ya Talking Heads, iliyotoka Oktoba 8, 1980.

Leo nataka kueleza jinsi ilivyotengenezwa. Yanayosemwa kuhusu albamu hii ni mengi: mdundo wake, mashairi yanayosikika kama mahubiri, bendi iliyopanuka ghafla kutoka watu wanne hadi tisa, ugomvi wa majina ya watunzi. Kwangu mimi yote hayo yana chanzo kimoja, nacho ni uamuzi wa kiufundi uliofanyika studio kabla hata wimbo mmoja haujatungwa.

Kwanza bendi yenyewe. David Byrne, Chris Frantz na Tina Weymouth walikutana katika chuo cha sanaa cha Rhode Island, Marekani. Wakahamia New York, na mwaka 1975 wakapanda jukwaa la ukumbi wa CBGB kwa mara ya kwanza, wakiitangulia bendi ya Ramones. Byrne aliimba na kupiga gitaa, Frantz alipiga dramu, Weymouth besi. Jerry Harrison, mpiga kinanda na gitaa aliyekuwa bendi ya Modern Lovers, akajiunga baadaye. CBGB ndipo punk ya New York ilipokulia, lakini hawa hawakuwa na jaketi za ngozi wala kelele. Walivaa mashati ya kawaida, magitaa yao yalilia safi bila mkwaruzo, na walipenda sana muziki wa kucheza wa Wamarekani weusi. Seymour Stein wa Sire, lebo iliyowasaini, ni mmoja wa waliolisukuma jina la new wave kwa bendi za aina hii, maana vituo vya redio vya Marekani vilikuwa vinakwepa chochote kilichoitwa punk.

Kufikia 1980 walikuwa na albamu tatu. Mbili kati ya hizo prodyuza wake alikuwa Brian Eno, Mwingereza aliyetoka bendi ya Roxy Music, mtu anayeichukulia studio yenyewe kuwa ala. Wimbo wa kwanza wa albamu yao ya tatu, "I Zimbra", ulikuwa na maneno yasiyo na maana yaliyotoka kwenye shairi la Hugo Ball, yakaimbwa juu ya mdundo uliojaa ngoma na magitaa yanayopokezana. Walipoulizana waende wapi baada ya hapo, jibu lilikuwa wimbo ule.

Lakini nyumba haikuwa shwari. Byrne na Eno walikuwa wametumia muda mrefu wakifanya mradi wao wa pembeni, My Life in the Bush of Ghosts, wakirekodi sauti za wahubiri na waimbaji kutoka redioni na kwenye santuri, kisha kuziweka juu ya midundo. Mradi huo ulichelewa kutoka hadi 1981 kwa sababu ya vibali vya sauti hizo. Frantz na Weymouth, ambao ni mume na mke, walikuwa wanafikiria kuondoka kwenye bendi. Walikwenda likizo visiwa vya Karibi, wakafika Haiti wakajifunza ngoma za huko, na mwisho wakanunua makazi Nassau, Bahamas, jirani na studio ya Compass Point. Bendi iliporudi pamoja, walianza kupiga tu bila wimbo wowote, wakirekodi kila kitu. Eno hakuwa na hamu ya kurudi kuwatayarisha tena. Alipozisikia kanda hizo za majaribio, akakubali.

Compass Point ilikuwa studio ya Chris Blackwell, mwenye lebo ya Island, iliyofunguliwa mwaka 1977. Miezi michache kabla ya Talking Heads kuingia, AC/DC walikuwa wamerekodi humohumo albamu ya Back in Black, muziki ulio mbali na huu kama usiku na mchana.

Sasa tufike kwenye kazi. Kwa kawaida bendi ya rock inaingia studio na nyimbo. Mtunzi ana gitaa lake, kodi zake (noti kadhaa zinazolia pamoja), melodi na maneno, wenzake wanamfuata. Nassau waliingia bila wimbo hata mmoja uliokamilika, kwa makusudi. Mmoja anapiga kipande kifupi, cha baa (fungu la mapigo, kwa kawaida manne) moja au mbili au nne, anakirudia dakika kadhaa bila kukibadili huku kanda inazunguka. Mwingine anasikiliza, anatafuta pengo, anaweka cha kwake humo. Anafuata wa tatu. Walibadilishana hata ala, mtu akashika isiyo yake, ili mikono isiende kwenye njia iliyoizoea. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na sampla: unapiga mara moja, mashine inarudia hadi uchoke. Wakati ule mashine za namna hiyo zilikuwa ghali mno na ni chache, kwa hiyo lupu, yaani kipande kinachojirudia, ilipigwa kwa mkono tangu mwanzo hadi mwisho wa kanda. Mkono wa binadamu haurudii kitu sawasawa. Pigo moja linawahi kidogo, linalofuata linachelewa, noti moja inakazwa zaidi ya ile ya awali. Tofauti hizo ndogo zikirundikana tabaka juu ya tabaka, mdundo unapumua. Ndiyo sababu nyimbo hizi zinaweza kukaa mahali pamoja dakika tano au sita na usichoke.

Kanda pana za inchi mbili zilizotumika studio kubwa enzi hizo zilibeba njia 24, kila moja ikishika sauti yake. Njia zikijaa kwa mtindo huu unakuwa na wimbo uliopo wote kwa wakati mmoja: kila ala inalia kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Hauna ubeti, hauna kiitikio, hauna mwanzo. Hapo kazi ya kutunga inahamia kwenye meza ya mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti za njia zote. Unashusha feda (vitelezi vya kuongeza na kupunguza sauti) za magitaa na kinanda, unabakiza besi na ngoma: huo ni ubeti. Unazipandisha zote: hicho ni kiitikio. Unabakiza gitaa moja na sauti: umepata daraja. Anayeamua umbo la wimbo ni yule aliyeweka vidole kwenye feda. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia tukifika kwenye majina ya watunzi.

Njia hii ina sharti lake. Kama hujui kipande gani kitalia pamoja na kipi, huwezi kubadilisha kodi katikati, kwa sababu kila kipande lazima kikubaliane na vingine vyote wakati wowote. Matokeo yake nyimbo kama "Born Under Punches", "Crosseyed and Painless" na "The Great Curve" zimeganda kwenye kodi moja. Kwa msikilizaji wa rock aliyelelewa kwenye kodi tatu au nne, hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Kwetu si ajabu sana. Chemko la muziki wa dansi linaweza kuzunguka juu ya kodi chache muda mrefu na ukumbi ukazidi kupamba moto, kwa sababu utamu uko kwenye namna solo, rithimu na besi zinavyopokezana. Ukiwatazama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja utaelewa haraka: mchi wako unaingia wa mwenzako ukiwa juu, na mlio unaotoka ni wa wote, huwezi kusema huu ni wa fulani.

Kuna tofauti moja ambayo kama fundi siwezi kuiacha. Bendi zetu zilizorekodi Radio Tanzania miaka hiyo ziliupata ufumano huo kwa kupiga wote pamoja chumbani, baada ya kuupika wimbo ukumbini mbele ya watu wiki baada ya wiki. Talking Heads waliupata kwa kurundika, kila mtu kwa zamu yake, wakati mwingine wakiwa hawajui wimbo unaelekea wapi. Kwa hiyo albamu ilipokwisha walikuwa na nyimbo ambazo hawajawahi kuzipiga pamoja hata mara moja.

Waliutoa wapi mdundo wenyewe? Eno alikuwa mpenzi mkubwa wa Fela Kuti, Mnigeria mwanzilishi wa Afrobeat, na ndiye aliyemsikilizisha Byrne albamu ya Fela iitwayo Afrodisiac. Kwa Fela utasikia gitaa dogo linarudia noti chache kwa dakika kumi na zaidi, jingine linalijibu, besi inazunguka chini, na Tony Allen, mpiga dramu wake, anatawanya mapigo kwa mikono na miguu yote minne. Byrne alisoma pia kitabu cha John Miller Chernoff kuhusu ngoma za Ghana, kilichotoka mwaka 1979, na albamu ilipotumwa kwa waandishi wa habari iliambatana na orodha ya vitabu alivyosoma, hicho kikiwemo. Wapo waliomcheka kwa hilo. Mimi namheshimu. Mwanamuziki aliyesema wazi mapema kabisa amejifunza kwa nani ni bora kuliko wale waliochota kimyakimya na kupokea sifa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema hii ni Afrobeat iliyopigwa na wazungu. Msikilize Frantz. Dramu zake zimenyooka, ni funk ya Marekani, pigo la tatu na la kwanza liko pale unapolitarajia. Walichochukua kwa Fela ni mpangilio: kwamba hakuna ala inayobeba wimbo peke yake, na kwamba kurudia si uvivu. Mapigo yenyewe wakaweka ya kwao.

Mafundi nao wana hadithi yao hapa, na mara nyingi husahaulika. Rhett Davies, fundi Mwingereza aliyeanza kazi Nassau, aliondoka mapema baada ya kutoelewana na Eno kuhusu kasi ya kurekodi. Pengo lake likazibwa na Steven Stanley, kijana wa Kijamaika aliyeanza kukaa mezani akiwa bado hajafikisha miaka ishirini. Frantz amemsifu hadharani kwa mchango wake kwenye "Once in a Lifetime". Baadaye akaja Dave Jerden. Ukisikiliza jinsi sauti zinavyozimwa ghafla na kuachwa zikielea kwenye mwangwi, utatambua kuwa mtu aliyefundwa Jamaika, ambako mafundi walikuwa tayari wamegeuza meza ya mikisa kuwa ala, alikuwa chumbani. Jerden alileta pia Lexicon 224, mashine ya mwangwi ya kidijitali iliyokuwa mpya wakati huo. Uliweza kuchagua chumba unachotaka sauti ikae, kikubwa au kidogo, bila kutoka kwenye kiti.

"Once in a Lifetime" nitauchambua peke yake, kwa sababu wote mnaujua. Vaa spika za masikioni. Besi ya Weymouth ni noti chache, kisha kimya, kisha jibu. Haibadiliki wimbo mzima, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko kwenye kile kimya. Juu yake kuna sintesaiza ya Harrison inayobubujika. Kipande hiki kilikuwa kimoja tu kati ya majaribio mengi, Eno hakukipenda sana mwanzoni, na nusura kiachwe. Kilichokiokoa, kwa sikio langu, ni kutokubaliana. Eno aliihesabu "moja" mahali tofauti na wanabendi. Pigo ambalo kwao lilikuwa la tatu, yeye alilisikia kuwa la kwanza. Studio nyingi zingesimamisha kanda na kusahihishana. Wao waliziacha hesabu zote mbili ziishi ndani ya wimbo mmoja, na Eno akawahimiza wazidi kukazia tofauti hiyo. Jaribu mwenyewe: hesabu moja hadi nne ukifuata besi, kisha anza upya ukifuata waimbaji wa kiitikio. Mguu wako utasita. Kule kusita ndiko kunakoufanya wimbo uonekane unaelea. Mwishoni Harrison anaingiza ogani ya Hammond, nzito, kwenye kodi moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza unahisi wimbo umekanyaga ardhi.

Maneno yalikuwa tatizo kubwa zaidi. Ukiwa na kodi moja isiyobadilika, melodi za kawaida za rock hazikai. Zinadai kodi iende mahali ili nazo ziende. Byrne alikwama. Alikuwa anaimba silabi zisizo na maana juu ya mdundo ili ashike umbo la melodi kwanza, maneno yafuate, jambo ambalo kila aliyewahi kumrekodi msanii wa bongofleva amelishuhudia. Bendi ikarudi New York ikiwa na midundo mitupu, na huko ndiko maneno yalikoandikwa. Dawa yake ilikuwa zile kanda za wahubiri wa redioni. Mhubiri hahitaji kodi zibadilike. Anachohitaji ni mdundo wa pumzi yake, swali, marudio, na watu wa kumjibu. Kwa hiyo katika "Once in a Lifetime" Byrne haimbi beti, anahubiri, akiwa katika sauti ya mtu wa makamo anayezinduka na kuikuta nyumba nzuri, gari na mke, asijue alifikaje pale. Kiitikio kinamjibu kwa kuimba. Mwishoni mwa "Crosseyed and Painless" anakwenda mbali zaidi na kughani juu ya biti. Walikuwa wamemsikia rapa Kurtis Blow, na rap ilikuwa bado changa kiasi kwamba bendi ya rock kufanya hivyo lilikuwa jambo la nadra.

Sauti za kuitikia ziliongezwa New York, kwenye studio za Sigma Sound, Nona Hendryx akiwemo miongoni mwa waimbaji. Adrian Belew, mpiga gitaa aliyekwisha kufanya kazi na Frank Zappa na David Bowie, aliitwa kuweka solo. Sikiliza anavyoingia kwenye "The Great Curve". Wimbo wote umejaa vipande vidogo vilivyobanana, hakuna mahali pa kutia sindano, naye anakuja na sauti moja ndefu inayopiga mayowe na kupinda juu ya kila kitu. Huo ni uamuzi wa akili nyingi: mahali palipojaa noti fupi, pengo lililobaki ni la noti ndefu. Jon Hassell alileta tarumbeta yake iliyopitishwa kwenye mitambo katika "Houses in Motion", na humo inasikika karibu kama sauti ya mtu. Mikisi ikafanyika sehemu New York, sehemu Los Angeles.

Upande wa pili wa santuri unapungua kasi hatua kwa hatua. "Seen and Not Seen" ni masimulizi tu, mtu anaeleza jinsi sura inavyoweza kubadilika kwa kuiwazia. "Listening Wind" inamfuata Mojique, mtu anayewatega Wamarekani mabomu katika nchi yake, na inamtazama kwa huruma, jambo zito kwa bendi ya Kimarekani ya wakati wowote. "The Overload" inafunga kwa giza na uzito. Sioni kama ni wimbo dhaifu, ingawa wengi huuruka. Baada ya kodi moja zilizochangamka, unaonyesha kodi moja inaweza pia kuwa ukuta.

Kisha likaja swali la jukwaa. Watu wanne hawawezi kupiga tabaka zile zote. Kabla hata albamu haijatoka walikuwa wamekubali maonyesho mawili makubwa, kwa hiyo Harrison akakusanya watu haraka: Bernie Worrell wa kundi la funk la Parliament-Funkadelic kwenye kibodi, Busta Jones kwenye besi ya pili, Steve Scales kwenye ngoma za mkono, Dolette McDonald kwenye sauti, na Belew. Agosti 23, 1980 walipiga kwenye tamasha la Heatwave karibu na Toronto, Kanada. Siku nne baadaye walikuwa Central Park, New York. Ukitaka kuwaona, tafuta onyesho la Roma la Desemba mwaka huo, lililorekodiwa na televisheni ya Italia. Angalia besi mbili zinavyogawana kazi: moja inashika chini na kutulia, nyingine inajibu juu. Angalia pia uso wa Worrell, mtu aliyekuwa akipiga muziki wa kodi moja miaka mingi kabla ya hapo. Nyimbo zilizorundikwa kipande kwa kipande studio hatimaye zilipigwa na watu wanaotazamana, na kwa maoni yangu nyingine, hasa "Crosseyed and Painless", zikazidi za kwenye santuri.

Jalada nalo lina historia. Weymouth na Frantz walilifanyia kazi na watafiti wa kompyuta wa chuo cha MIT, Marekani, akiwemo Walter Bender, wakati ambapo kuhariri picha kwa kompyuta ilikuwa kazi ya maabara. Nyuso nne za wanabendi zimefunikwa kwa rangi nyekundu. Nyuma kuna ndege nyekundu za kivita aina ya Avenger zikipita juu ya milima. Baba yake Weymouth alikuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani. Mwanzoni ndege zilikusudiwa kukaa mbele, maana albamu ilikuwa iitwe Melody Attack. Jina lilipobadilika, picha zikabadilishana nafasi. Herufi za jina la bendi, zenye A zilizogeuzwa juu chini, ni kazi ya Tibor Kalman na kampuni yake ya M&Co.

Na hapo ndipo tunafika kwenye majina. Kabla ya albamu kutoka, bendi ilielewa kwamba wote watano, Eno akiwa wa tano, wangeandikwa kuwa watunzi kwa mpangilio wa alfabeti. Nakala za kwanza zilipochapishwa, nyimbo nyingi ziliandikwa kuwa za Byrne na Eno, huku Harrison akitajwa katika mbili tu. Frantz na Weymouth waliumia, na wameendelea kulisema hilo kwa miaka mingi. Matoleo ya baadaye yaliwataja wote.

Mimi nasimama upande wa Frantz na Weymouth bila kusita. Desturi ya hakimiliki ilijengeka enzi za karatasi za muziki, ikamtambua mwenye melodi na mwenye maneno. Mpiga dramu na mpiga besi wakahesabiwa kuwa wafanyakazi wa siku. Kwa wimbo uliotungwa kwa gitaa sebuleni, desturi hiyo inaeleweka. Kwa albamu kama hii haina msingi: mdundo ulikuwepo kwanza, besi ikawepo, na melodi ikaja kutafuta mahali pa kukaa juu yake. Mtoe Byrne kwenye "Once in a Lifetime", unabaki na kitu watu watakitambua ndani ya sekunde tatu. Itoe besi ya Weymouth, utambue nini? Eno naye ana hoja, kwa sababu kama nilivyosema, aliyekaa kwenye feda ndiye aliyeamua ubeti uko wapi. Lakini hoja hiyo inaongeza jina la mtunzi kwenye orodha, haiondoi ya wengine. Studio zetu leo zinatengeneza nyimbo kwa njia hii kila siku, na makubaliano ya nani ni mtunzi mara nyingi hufanywa kwa mdomo, wakati wimbo haujapendwa. Andikeni kabla ya kurekodi sauti, na aliyepiga besi awekwe humo.

Sokoni albamu ilifika nafasi ya 19 Marekani na ya 21 Uingereza. "Once in a Lifetime" iliingia nafasi ya 14 Uingereza mwaka 1981, lakini Marekani redio hazikuuchukua. Haukuwa rock ya kutosha kwa vituo vya rock, wala haukuwa funk ya kutosha kwa vituo vya watu weusi. Kilichousambaza huko ni video, iliyoongozwa na Toni Basil pamoja na Byrne. Ile miondoko ya Byrne, kujipiga paji la uso na kutetemeka mwili mzima, waliitoa kwenye filamu za watu waliopandisha wakati wa ibada. MTV ilianza kurusha matangazo Agosti 1981, ikiwa na njaa ya video, nayo ikaipiga mara kwa mara. Miaka mingi baadaye, mwaka 2017, albamu iliingizwa kwenye orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa.

Bendi haikufanya kazi na Eno tena baada ya hapa. Frantz na Weymouth walirudi Compass Point mwaka 1981 wakiwa na Steven Stanley, wakaanzisha Tom Tom Club, na mdundo wa "Genius of Love" ukaja kurudiwa na marapa wengi kuliko chochote Talking Heads walichowahi kurekodi. Kwa watu waliokosa majina yao kwenye santuri, naona hilo ni jibu zuri.

Na mwaka 2018 Angélique Kidjo wa Benin aliirekodi upya albamu nzima, wimbo kwa wimbo. Aliwahi kueleza kwamba aliusikia "Once in a Lifetime" alipokuwa mgeni Paris miaka ya themanini, akaambiwa ni rock, naye akawajibu kuwa anasikia Afrika humo. Toleo lake lina tarumbeta na saksafoni za Antibalas, bendi ya Afrobeat ya New York, lina maneno aliyoyaongeza kwa lugha za kwao, na lina Tony Allen mwenyewe kwenye dramu. Piga "The Great Curve" ya 1980, kisha ya Kidjo, moja baada ya nyingine. Usisikilize sauti, fuata dramu peke yake, uone jinsi mdundo uliokuwa umenyooka unavyolegea na kuanza kuzunguka.